Pima nguo kwanza, ukuta baadaye

Kabati nyingi za nguo hapa Dar es Salaam zina kina cha futi mbili na rafu za upana wa futi nne. Vipimo hivyo havijatoka kwenye nguo. Vimetoka kwenye shiti ya ubao. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi), chipubodi (ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa hivyo hivyo) na plaiwudi kwa kawaida zinauzwa kwa shiti ya futi nane kwa futi nne. Fundi akiipasua katikati kwa urefu anapata vipande viwili vya futi mbili, kila kipande akikikata mara moja anapata rafu za futi nne, na hakuna kinachobaki cha kutupa. Kwa upande wa ubao hesabu ni safi kabisa. Ila ubao ukishakatwa fundi anaondoka, na anayefungua ile milango kila asubuhi kwa miaka kumi ijayo ni mwenye nguo.

Nilianza kuliona hili kwenye nyumba za kupanga. Ya mwisho kabla hatujahamia kwetu Kigamboni ilikuwa na kabati la kujengea chumba kizima, ukuta hadi ukuta, linapendeza ukiwa mlangoni. Ukilifungua, rafu ya tatu imeshuka katikati kiasi cha vidole viwili, na ile ya chini kabisa imevimba mbele kama mkate uliochovywa kwenye chai, karatasi yake ya juu imebanduka na unga wa mbao unadondokea viatu. Mwenye nyumba alikuwa amelipia pesa nyingi. Hakuna aliyemwibia, fundi alitengeneza kama wanavyotengeneza wote.

Kwa hiyo tulipofika hatua ya makabati kwenye nyumba yetu, mume wangu akaniachia kazi hiyo yote, nami nikaanza na futi kamba na kitanda. Nilitoa nguo zote, nikazikunja kama tunavyozikunja siku zote, nikapima. Henga ya mtu mzima ina upana wa sentimita 45 hivi, na koti likiwa juu yake mabega yanazidi kidogo, kwa hiyo sehemu ya kutundika inahitaji sentimita 55 hadi 60 kwa ndani. Hapo futi mbili inafaa. Lakini shati lililokunjwa halikuvuka sentimita 35 kwa upande wake mrefu. Suruali ya jinzi, hivyo hivyo. Taulo ukilikunja mara tatu, 35. Khanga, chini ya hapo. Hakukuwa na nguo hata moja ya kukunjwa iliyodai zaidi ya sentimita 40.

Sasa fikiria rafu ya sentimita 60 yenye nguo za sentimita 35. Nyuma inabaki nafasi, na nafasi nyumbani haikai wazi: unaanzisha safu ya pili. Safu ya nyuma ndiyo inayomeza nguo. Blauzi uliyoitafuta mwaka mzima iko kule. Shuka ulizopewa kwenye harusi ziko kule. Na kwa kuwa hakuna anayezigusa wala hewa haizifikii, ukungu wa masika unaanzia kule kule, kwenye nguo zilizosahauliwa, kisha unakuja mbele.

Nilienda Keko, kwa mafundi seremala wa hapa mjini, na karatasi yangu. Fundi niliyeelekezwa ni mtu mzima, mtaratibu, anasikiliza huku mkono unapitisha msasa. Nilipomwambia nataka rafu za sentimita 40 akatikisa kichwa. "Dada yangu, saizi ya kabati ni futi mbili. Ukitaka arobaini utanilipa ubao wa kutupa." Nikamwomba penseli. Shiti ina upana wa sentimita 122. Ukiipasua vipande vitatu vya 40 unapata 120, zinabaki sentimita mbili za kuliwa na msumeno. Vipande vitatu badala ya viwili, shiti ile ile. Aliitazama ile hesabu, akachukua penseli akairudia mwenyewe pembeni, kisha akasema, "Hii inakata vizuri." Tangu hapo tukaelewana, na yeye naye akanifundisha jambo ambalo futi kamba yangu isingeniambia.

Jambo hilo ni kupinda. Alisema rafu haipindi kwa sababu ya uzito tu. Inapinda kwa sababu ya umbali kutoka mhimili hadi mhimili. Ubao wa milimita 18 uliobeba jinzi na mashuka ukiuachia sentimita 120 bila kitu katikati, utashuka, na ukishashuka haurudi. Ukiweka kigawanyo katikati, kila upande ukabaki na sentimita 60 au pungufu, nguo hizo hizo hazitaufanya kitu. Chipubodi ndiyo dhaifu zaidi, MDF inafuata, plaiwudi inavumilia kuliko hizo mbili. Pia unene una nguvu kuliko watu wanavyodhani: ubao ukiwa mnene mara mbili unakuwa mgumu kupinda mara nane, si mara mbili. Lakini huhitaji kununua ubao mnene. Ukishindilia kipande cha mbao ngumu cha sentimita nne kwenye ukingo wa mbele wa rafu, kikisimama wima, umeupa ule ubao mgongo. Rafu zangu zote zina mgongo huo, na bado zimenyooka.

Watu wa pwani hawakuhitaji kuambiwa hili. Vyumba vya nyumba za kale za mawe, Lamu na Unguja, ni virefu na vyembamba, karibu mita mbili na nusu hadi tatu kwa upana, kwa sababu dari lake limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haibebi mbali zaidi ya hapo. Mjenzi alianza na kile kinachobeba, upana wa chumba ukafuata. Na ndani ya kuta zile nene walichonga zidaka, visanduku vidogo vidogo vya chokaa vya kuwekea vyombo, vifupi kwa upana na vifupi kwa kina. Kidaka hakina safu ya nyuma. Unachokiweka unakiona.

Mbao nazo zilituchukua muda. Fundi wetu alipendekeza mihimili na kitako viwe vya mbao ngumu, rafu ziwe za plaiwudi. Nilimkubalia, na leo ningemkubalia tena. Mninga na mkongo vinastahimili mchwa vizuri, lakini ni kiini tu. Ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo haina kinga hiyo, na kwenye ghala la mbao utauziwa kipande chenye mstari mweupe ubavuni kwa bei ya kiini. Kikatae, au mwambie akipasue mstari utoke. Mtiki, ule unaopandwa Longuza kule Muheza, ni mzuri pia, una mafuta yake ya asili. Paini inayotoka Sao Hill, Mufindi, ni nafuu na inachongeka kwa urahisi. Kwa rafu za stoo inatosha, sharti iwe imekauka. Paini mbichi ukiifungia ndani ya chumba itajikunja na milango haitafunga. Halafu kuna mbao zile zenye rangi ya kijani, zilizowekewa dawa kwa ajili ya paa. Mafundi wengine wakibakiwa nazo hupenda kuzitumia kwenye makabati wakisema hazitaliwa na mchwa. Dawa ya namna hiyo kwa miaka mingi imetengenezwa kwa shaba, kromi na aseniki. Mahali pake ni juu ya dari, si penye foronya za watoto.

Kuhusu MDF sitaki ionekane naidharau, maana kwa kuta kavu na bajeti ndogo inasaidia sana. Ila iulizie kingo. Uso wake umefunikwa, maji hayapiti. Kingo ndizo zinazokunywa. Kila ukingo uzibwe kwa ule utepe unaobandikwa kwa joto, hata kingo za chini na za nyuma zisizoonekana, kwa sababu hizo zisizoonekana ndizo mafundi wanazoziacha wazi. Na kabati jipya la MDF likikuwashia macho, hiyo ni formaldehaidi inayotoka kwenye gundi yake. Mwaka 2004 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Harufu hupungua kadiri siku zinavyopita. Liache wazi, madirisha wazi, mpaka harufu iishe ndipo uingize nguo, hasa za mtoto mchanga.

Maji ndiyo adui mkubwa, na hayatoki kwenye mvua. Yanatoka kwenye ndoo ya deki. Nyumba zetu zinadekiwa kila siku, na wengine mara mbili. Tambara linapita kwenye marumaru, linagonga kitako cha kabati, maji kidogo yanabaki pale kwenye mfereji mwembamba kati ya sakafu na ubao, yanakunywewa. Kesho tena. Yule mkate uliovimba kwenye nyumba ya kupanga haukuona tone la mvua maisha yake yote. Kwangu nilimwambia fundi anyanyue makabati sentimita kumi, juu ya miguu ya mbao ngumu iliyopakwa vanishi mpaka chini ya nyayo, na mbele paachwe wazi ili tambara lipite chini na mchwa akijenga njia yake ya udongo tuione mapema. Mtu mmoja wa karibu aliniambia inaonekana kama kitanda. Sijali. Ubao wa chini ni mkavu.

Nyuma nako tuliacha sentimita tano kati ya kabati na ukuta. Ukuta unaotazama nje kwenye mvua za Machi hadi Mei unakuwa na ubaridi na unyevu, na asubuhi za masika unyevu wa hewa hapa pwani unavuka asilimia 80 mara nyingi tu. Ukibandika kabati kwenye ukuta huo umetengeneza shamba la ukungu. Milango ya sehemu ya kukunjia tuliifanya ya lova, mbao zilizolala mshazari, hewa ipite. Ni kazi zaidi kufuta vumbi, na nalifuta. Bawaba nimezibadilisha, zile za kawaida huku Kigamboni upepo wa bahari unazila haraka, kutu inachirizika kwenye mlango mweupe. Za shaba au chuma kisichoshika kutu zina bei, lakini zimetulia.

Sehemu hii nataka akina mama wenzangu waisome kwa makini. Vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyovitupia kabatini kwa mazoea, vilikusudiwa nondo, yule mdudu anayekula sufu na hariri. Nguo zetu nyingi ni pamba. Pamba nondo haitaki. Wanaotusumbua sisi ni ukungu, na mende anayefuata wanga na jasho, na dawa yao ni ukavu na usafi. Lakini naftalini ina hatari yake kwa watoto. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi ambayo ni ya kawaida katika maeneo yenye malaria kama yetu, akivalishwa nguo zilizokaa na naftalini anaweza kupasuka chembe nyekundu za damu, akapata manjano makali. Wengi wetu hatujui kama watoto wetu wana hali hiyo. Tena vinafanana na pipi. Kwangu havipo. Tunatumia karafuu kwenye kifuko cha kitambaa kwa ajili ya harufu, na nguo haziingii mpaka zimekauka kabisa. Hata nguo iliyotoka pasini ina mvuke. Iache ipoe ndipo uikunje.

Baada ya kabati kusimama, aliyenifundisha kulipanga ni mama mkwe. Yeye ana doti nyingi za khanga, nyingine za kabla sijaolewa, na kwa miaka yote zilikaa kwenye tranki la chuma chini ya kitanda, na kila alipotaka moja alipiga magoti na kutoa nusu ya mzigo. Nilimtengenezea safu yake mwenyewe: rafu za sentimita 40 kwa kina, upana 60, na urefu wa 25 tu kutoka rafu hadi rafu. Fundi alidhani nimekosea kuandika. Lakini khanga zikirundikwa kwenda juu sana, ukivuta ya chini unabomoa zote. Rafu fupi inakuzuia kurundika. Inakulazimisha usimame kwenye doti tano sita.

Halafu nikamwona anavyokunja. Anaitandaza khanga kitandani, uso chini, jina likiwa upande wake. Anakunja pindo za kushoto na kulia ziingie ndani, kisha anaanza kukunja kutoka upande wa mbali akija kwake, taratibu, akipiga kila mkunjo kwa kiganja, mpaka mkunjo wa mwisho unaacha jina likisomeka kwa nje. Akiipanga kwenye rafu, jina linatazama mlangoni. Akifungua kabati anasoma safu nzima akiwa amesimama, bila kugusa chochote, anachagua ya msibani, ya kwenda kumwona mzazi, ya kukaa nayo nyumbani. "Mwanangu," aliniambia, "khanga usiyoiona huivai." Nimezikunja zangu zote namna hiyo, na za vitenge visivyo na maandishi nimeacha kona moja ya rangi itokeze.

Upande wetu sisi hesabu ilikuwa nyingine. Mume wangu ana kanzu na suti, mimi nina magauni marefu, madera na mabaibui. Vyote hivyo vinataka urefu wa mita moja na nusu na zaidi chini ya bomba la kutundikia henga. Mashati na blauzi vinatosheka na mita moja. Kwa hiyo bomba moja refu upande mmoja, na upande wa pili mabomba mawili, moja juu ya jingine, ambayo peke yake yaliongeza nafasi ya kutundika kuliko kitu kingine chochote tulichofanya. Ile sehemu ya rafu yenye kina cha 40 tuliiweka karibu na mlango wa chumba, na zile sentimita 20 zilizookolewa ndizo zinazoufanya mlango ufunguke wote bila kugonga kabati. Juu kabisa ni mabegi ya safari na chandarua cha akiba, vitu vya kufikiwa kwa stuli.

Watoto nao wana kabati lisilo na milango. Sare za shule ziko kwenye urefu wa kifua cha mdogo wao, soksi kwenye kikapu, na mbavu za kabati zimetobolewa matundu kila baada ya sentimita tano ili rafu na bomba vipandishwe juu kadiri wanavyokua. Hiyo nayo ni kazi ya fundi ya nusu saa akiwa na drili yake karakana, na ni usumbufu mkubwa ukiitaka baadaye. Mwambie kabla. Tangu sare zishuke kwenye mikono yao, wanavaa wenyewe, na jioni wa pili anazirudisha mwenyewe, zimekunjwa anavyojua yeye. Sizikunji upya mbele yake.

Kuna jambo moja sijalipatia jibu linaloniridhisha, nalo ni nguo iliyovaliwa mara moja, isiyo chafu wala safi. Ile inayoishia kwenye kiti. Kwa sasa nimepiga misumari ya kutundikia nyuma ya mlango, kwenye upepo, na sheria ni kwamba haiingii kabatini kabla ya kufuliwa. Kiti bado kinapata mzigo wake siku za Ijumaa.

Fundi anarudi mwisho wa mwezi kwa ajili ya stoo. Nimeshampimia sufuria kubwa la pilau, upana wake na mikono ni sentimita 63, na ndoo za unga 32. Rafu ya chini pekee ndiyo itakuwa ya futi mbili na kidogo. Nyingine zote, arobaini.